Bustanini ni Bustanini: Jinsi Vihusishi vya Kijerumani Vilivyonifundisha Kazi

Katika mwezi wangu wa pili kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nikisomea uuguzi, kusini mwa Ujerumani, msimamizi wa zamu aliniagiza nimpeleke mzee mmoja bustanini. Nilimtoa kwa mlango wa nyuma katika kiti chake cha magurudumu, nikamtembeza kwenye vijia vya changarawe, tukatazama maua ya waridi, tukazunguka mtufaa mkubwa ulio katikati, kisha tukazunguka tena kwa kuwa jua lilikuwa zuri na mzee alionekana kufurahi. Baada ya karibu nusu saa nilimkuta binti yake kwenye benchi lililo karibu na mlango wa mbele, nyuma ya ua wa miti, ambako alikuwa ameketi muda wote huo akisubiri aletewe baba yake. Msimamizi alikuwa amesema “in den Garten”, yaani nimfikishe bustanini na kumwacha kwa mgeni wake. Mimi nilikuwa nimesikia “im Garten”, kifupi cha “in dem Garten”, yaani nimtembeze humo humo bustanini. Wajerumani wakisema haraka, lile “den” humezwa likabaki sauti ya n peke yake, na sikio langu halikuwa limezoea kuitafuta, kwa sababu katika lugha niliyozaliwa nayo bustanini ni bustanini, uwe unakwenda, upo au unatoka.

Binti yule hakukasirika, na msimamizi alicheka tu, lakini mimi nililala vibaya usiku ule. Sikuwa mgeni wa sheria yenyewe. Dar es Salaam, kabla sijasafiri, nilikuwa nimekariri orodha zote mpaka nikawa naziimba nikiwa kwenye daladala: “aus, bei, mit, nach, seit, von, zu” hufuatwa na dativi, “durch, für, gegen, ohne, um” hufuatwa na akusativi, na vile vihusishi tisa vya njia mbili, “an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen”, hufuatwa na mojawapo ya hali hizo kulingana na maana. Mtihani nilifaulu. Kumbe nilichofaulu ni kuimba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuonja lugha hii, nieleze kidogo. Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia, na jinsia hiyo huonekana katika kibainishi kinachoitangulia, yaani “der”, “die” au “das”. Kibainishi hicho hubadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi, na mabadiliko hayo yapo ya aina nne: nominativi, akusativi, dativi na genitivi. Bustani ni “der Garten” ikiwa kiima, “den Garten” katika akusativi, “dem Garten” katika dativi, na “des Gartens” katika genitivi. Kihusishi, yaani neno kama “katika” au “pamoja na”, ndicho huamua nomino inayokifuata ivae vazi lipi. Kwetu “katika bustani” ni “katika bustani” siku zote, na neno “bustani” halijui lolote kuhusu kilicholitangulia.

Sheria niliyofundishwa kuhusu vihusishi vya njia mbili ilikuwa fupi: pakiwa na mwendo weka akusativi, pakiwa na utulivu weka dativi. Nimeona watu wengi wakiifundisha hivyo, na ninaona ni sheria mbovu, kwa sababu inamfanya mwanafunzi atazame miguu badala ya kutazama mahali. Siku ile ya bustanini nilikuwa nikienda bila kusimama, magurudumu yakizunguka, na bado Kijerumani sahihi cha nilichokifanya ni dativi: “Ich schiebe ihn im Garten herum.” Mtu anayekimbia mazoezi msituni kutwa nzima, jasho likimtoka, anakimbia “im Wald”, katika dativi, wakati mtu anayemkimbia mbwa na kutokomea msituni anakimbia “in den Wald”, katika akusativi. Wote wawili wana mwendo. Tofauti ni kwamba wa pili amevuka mpaka, alikuwa nje na sasa yumo ndani, ilhali wa kwanza alikuwa ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Swali la kujiuliza ni kama kitendo kinaishia kwa mtu au kitu kufika pale ambapo hakikuwapo, wala si kama kuna kitu kinachosogea.

Nililielewa jambo hili kwa msaada wa Kiswahili, na aliyenifungua macho ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Bukavu, Kongo, ambaye tulikuwa tukila naye chakula cha mchana tukizungumza Kiswahili chake na changu, kila mmoja akimcheka mwenzake. Nilipomlalamikia kwamba Kiswahili hakina vitu hivi, alinyamaza kidogo akaniuliza, “Dada, ‘kukimbia msituni’ na ‘kukimbilia msituni’ ni kitu kimoja?” Nikabaki na kijiko mkononi. Si kitu kimoja hata kidogo. Anayekimbia msituni huenda yumo humo akifanya mazoezi. Anayekimbilia msituni ameuelekea msitu akitokea kwingine. Tofauti ileile ambayo Mjerumani huiweka kwenye “den” na “dem”, sisi huiweka kwenye kitenzi kwa kauli ya kutendea, na kwa kuwa tumezaliwa nayo hatuioni.

Baada ya hapo nilianza kuiona kila mahali. Vitenzi vya Kijerumani vinavyowatesa wageni wengi huja viwili viwili: “liegen” na “legen”, “sitzen” na “setzen”, “stehen” na “stellen”. Darasani tulipewa jedwali la kukariri, na mimi nililikariri kama mtu anayekariri namba za simu, bila kutambua kwamba nilikuwa nalo kichwani tangu utotoni: lala na laza, kaa na kalisha, simama na simamisha. Amelala kitandani, “er liegt im Bett”, dativi. Ninamlaza kitandani, “ich lege ihn ins Bett”, akusativi, kwa kuwa “ins” ni “in das”. Pale ambapo Kiswahili kinatumia kauli ya kutendesha, pale ambapo mimi muuguzi ninamfanya mtu awe mahali fulani, Kijerumani kinataka akusativi; pale ambapo mtu ameshatulia mahali pake, kinataka dativi. Sisi tunasema kitandani mara zote mbili na kitenzi ndicho kinachobeba mzigo. Wao hubadilisha kitenzi na kibainishi vyote viwili, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kuvaa mshipi na kanda za suruali kwa pamoja, lakini ndivyo lugha yao ilivyo.

Hata ile dhana kwamba neno la mahali linaweza kubaki vilevile huku upatanisho wake ukibadilika na maana ikabadilika, hiyo pia tunayo. Mtu akisema “nyumbani pangu”, “nyumbani kwangu” na “nyumbani mwangu”, neno “nyumbani” halikusogea, lakini wa kwanza anaonyesha mahali mahususi, wa pili anazungumzia upande au makao kwa ujumla, na wa tatu ametuingiza ndani. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia kwa ajili ya pa, ku na mu kama nilivyolia mimi kwa ajili ya “den” na “dem”. Sidai kwamba mambo haya mawili yanalingana, kwa kuwa hayalingani. Nasema tu kwamba baada ya kuyaona niliacha kuamini kwamba Wajerumani wametunga kitu cha kuwatesa watu.

Mwenzangu wa Bukavu alikuwa na faida nyingine ambayo niliionea wivu. Majina mengi ya nchi katika Kijerumani hayana kibainishi, kwa hiyo mimi nilipita kirahisi: “nach Tansania”, “in Tansania”, “aus Tansania”, hakuna cha kubadilisha. Kongo ina kibainishi, tena cha kiume. Kila alipoulizwa ametoka wapi alilazimika kusema “aus dem Kongo”. Familia yake iko “im Kongo”. Likizo atasafiri “in den Kongo”. Baada ya miezi michache, kwa sababu Wajerumani hawachoki kumwuliza mtu mweusi ametoka wapi, alikuwa na hali za nomino ya kiume mdomoni bila kuzifikiria. Niliamua kumwiga. Kwa jinsia ya kike nilichagua Uswisi, “in die Schweiz, in der Schweiz, aus der Schweiz”, na kwa jinsia ya tatu nilichagua kitu nilichokishika kila asubuhi, “ins Bett, im Bett, aus dem Bett”. Nikikwama katikati ya sentensi yenye nomino ya kike nisiyoizoea, nilikuwa nikiipeleka kwanza Uswisi kimoyomoyo, nikasikia inavyolia, kisha nikasema. Ilinichukua nusu sekunde zaidi kuliko wenzangu, lakini ilikuja sahihi.

Mahali ambapo jambo hili lilitoka katika sarufi likaingia katika dhamana ya kazi ni kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Usiku mmoja nilisikia kishindo, nikaingia chumbani na kumkuta bibi mmoja chini, kando ya kitanda chake, akiwa na fahamu zake zote na hana jeraha. Tulimpima, tukamwinua, tukampigia simu daktari, kisha nikakaa kuandika. Niliandika kwamba bibi “ist auf den Boden gefallen”, yaani ameangukia sakafuni. Muuguzi mwandamizi aliyekuwa zamu nami alisoma, akakiweka kidole chake juu ya “den”, akaniuliza kama nilimwona akianguka. Sikumwona. “Basi hukuona ‘auf den’,” akasema, “ulichokiona ni ‘auf dem’.” Sentensi sahihi ilikuwa kwamba nilimkuta “auf dem Boden liegend”, yaani akiwa amelala sakafuni. Akusativi ingesimulia safari ambayo sikuishuhudia, kutoka kitandani hadi sakafuni; dativi ilisimulia hali niliyoikuta. Huenda bibi alianguka, huenda aliteleza taratibu akakaa mwenyewe, na wa kulieleza hilo alikuwa yeye, ambaye baadaye alisema alikuwa akitafuta kandambili zake chini ya kitanda. Herufi moja, n au m. Tangu usiku huo sijawahi kukosea hapo, na sijui mwalimu yeyote wa darasani ambaye angeweza kunifundisha hivyo.

Kinyume chake, kuna vihusishi ambavyo havijali kabisa kama mtu anakwenda au amekaa, na hapo kuelewa sana kunaweza kumponza mtu. Baada ya kujifunza habari ya kuvuka mpaka nilianza kusema “zu den Arzt”, kwa hoja kwamba kwenda kwa daktari ni kufika mahali ambapo sikuwapo. Hoja ilikuwa nzuri na Kijerumani kilikuwa kibovu. “Zu” ni mtu wa dativi, aende asiende. Kadhalika “aus”, “von” na “nach”, ingawa vyote vinaeleza mwendo mtupu. Ni “zum Arzt”, “beim Arzt”, “vom Arzt”, na ukitazama vizuri, kwetu nako ni “kwa daktari” mara zote tatu. Vivyo hivyo wakati: “vor dem Essen”, kabla ya chakula, “in einer Stunde”, baada ya saa moja, “am Montag”, siku ya Jumatatu, vyote ni dativi, na maneno haya muuguzi huyaandika mara nyingi kwa siku kuliko jina lake mwenyewe. Kwenye wingi dativi huzitaka nomino nyingi nazo ziongeze n, “seit drei Monaten”, “mit den Kindern”, na hii n ya mwisho ndiyo niliyoisahau kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa hakuna anayeshindwa kukuelewa ukiiacha na kwa hiyo hakuna anayekurekebisha.

Visiwa navyo vina desturi yao. Mfanyakazi mwenzangu aliponiuliza kama nimewahi kuwa “auf Sansibar”, kwa kuwa “auf” ni “juu ya”, nilimwona kichwani mtu amesimama juu ya Zanzibar kama juu ya paa la nyumba. Kwenda huko lakini ni “nach Sansibar”.

Genitivi walinitisha nayo sana na ikawa rahisi kuliko zote. Vihusishi vyake vingi ni maneno marefu ya kimaandishi: “wegen”, kwa sababu ya, “statt”, badala ya, “trotz”, licha ya, “innerhalb”, ndani ya, “aufgrund”, kwa msingi wa. Msomaji wa Kiswahili ameshaona: kila kimoja, ukikitafsiri, kinakuja na “ya” au “wa” mkiani, na genitivi ni hali ya umilikaji, yaani “ya” yenyewe. “Wegen des Regens” ni kwa sababu ya mvua, na sehemu ya “ya” imehamia katika “des” na ile s ya mwisho. Kadhaa kati ya vihusishi hivyo vyenyewe vilikuwa nomino zamani, kama ambavyo “sababu” na “badala” ni nomino kwetu: “statt” lilikuwa neno la mahali, “wegen” limetokana na neno la njia.

Shida ni kwamba nilipokwisha kuijua genitivi niligundua kwamba jikoni kwetu hakuna aliyeitumia. Wauguzi vijana walisema “wegen dem Regen”, dativi, na mmoja alishangaa nilipomwambia kwamba vitabuni si hivyo. Aliyekuwa upande wangu ni bibi mmoja wa chumba cha mwisho, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa amesahau mambo mengi lakini hakuwa amesahau genitivi. Nikimpelekea kifungua kinywa alinitaka niseme sentensi moja yenye “wegen” au “trotz” kabla hajakubali kupakwa siagi kwenye mkate, na nikikosea alifunga mdomo. Kwa hiyo nina Kijerumani cha aina mbili: ninaandika “wegen des Regens” na mezani na wenzangu ninasema “wegen dem Regen”, kwa kuwa ukisema genitivi mezani wanakutazama kana kwamba umekuja umevaa tai.

Vihusishi vinavyokaa nyuma ya nomino vilinichanganya kwa sababu nilikuwa nikivisubiri mbele. Siku zangu za kwanza nilielekezwa hivi: “den Flur entlang, dann der Küche gegenüber”, yaani fuata korido, kisha mkabala na jiko. Nilisikia “korido” na “jiko”, nikaenda jikoni. Neno lililobeba maelekezo lilikuja mwishoni, wakati mimi nimeshaanza kutembea. Nilichopaswa kukisikia mapema ni kile kibainishi, kwa sababu “den” ya akusativi ikining’inia mwanzoni bila kihusishi chochote mbele yake ni ishara kwamba kuna kitu kinakuja nyuma. “Entlang” likikaa nyuma hutaka akusativi. Ukilihamishia mbele huandikwa kwa genitivi, “entlang des Flurs”. “Gegenüber” ni la dativi popote lilipo, na likiambatana na kiwakilishi hukaa nyuma: “mir gegenüber”, mkabala nami. “Nach”, ambalo kwa kawaida hukaa mbele, huenda nyuma likimaanisha “kwa mujibu wa”, na hapo ndipo linapopatikana lile “meiner Meinung nach”, kwa maoni yangu, ambalo kila mtahiniwa hulikariri kwa ajili ya mtihani wa mazungumzo. Kwa kumnukuu daktari tunaandika “der Ärztin zufolge”, tena dativi. Wazo la kuweka mahali mwishoni lisingenishangaza kama ningelifikiri: “-ni” yetu ya bustanini, kitandani na mjini imekaa mkiani mwa nomino, na mgeni akisikia “bustani” bila kuisubiri naye ataenda pasipo.

Kilichobaki, ambacho sijakimaliza na sitarajii kukimaliza, ni vihusishi vilivyooana na vitenzi, ambamo maana ya mahali imekwisha kufa. Kumsubiri daktari ni “warten auf den Arzt”, akusativi, ingawa hakuna anayempanda daktari mgongoni. Kumfikiria mtu ni “an” na akusativi; kuugua ugonjwa fulani ni “leiden an” na dativi; na dawa ya maumivu, ambayo kwetu ni “ya” maumivu kana kwamba maumivu ndiyo yaliyoinunua, kwao ni dawa dhidi yake, “gegen die Schmerzen”. Haya ninayaandika kwenye kijidaftari cha mfukoni, kitenzi, kihusishi na hali yake katika mstari mmoja, sivitenganishi, kwa sababu kitenzi kikiwa peke yake huweza kukutosa kabisa. Ilinitokea zamu ya usiku, tukiwa wawili tu ghorofa nzima, nilipotaka kumwambia mwenzangu kwamba ninamtegemea. Nilikumbuka kwamba kitenzi ni “verlassen”, nikamshika bega nikamwambia kwa moyo wote, “Ich verlasse dich.” Nilikuwa nimemwambia kwamba ninamwacha. Alinitazama, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa bado saa saba za kazi mbele yetu, kisha akasema neno moja tu: “Auf?”

“Mich auf dich,” nikasema. “Ich verlasse mich auf dich.”

“Akkusativ,” akasema, akanikabidhi funguo za kabati la dawa.